Mfinyanzi aliyetia ngazi tisa ndani ya mkebe wa biskuti

Saa tatu asubuhi, Mangayarkarasi anapika dosa, chapati nyembamba ya mchele na dengu.

Dosa yenyewe ni ya udongo, na ina ukubwa wa punje ya ufuta. Imelala juu ya kikaango ambacho kifungo cha shati kingekifunika chote. Anachukua waya wa mwavuli ulionolewa ncha, anachora mzunguko mwembamba kutoka katikati kwenda nje, vile vile upawa unavyoacha alama kwenye dosa ya kweli. Kisha anaikunja nusu na kupuliza vidole.

"Imeiva hii," anasema. "Ningechelewa kidogo ingeungua."

Hatua tatu kutoka alipokaa, mumewe Pitchaimani anapaka rangi goti la mungu mwenye kichwa cha tembo. Goti hilo peke yake limezidi kazi yote ya mkewe ya wiki nzima.

"Mwandishi, na mimi niandikie malalamiko yangu," anasema bila kugeuka. "Natengeneza miungu ya futi tatu. Mteja anaingia, anaipita kama anapita nguzo ya umeme, anakwenda kuchuchumaa kwenye sufuria za huyu mama."

"Basi na wewe tengeneza sufuria," mkewe anamjibu.

"Kwa vidole hivi? Kimoja tu kinaziba jiko lote."

Zimebaki siku nne kabla ya mwezi kuandama, na hapa Vilachery, kijiji cha wafinyanzi pembeni ya Madurai, hakuna anayelala mchana. Mwezi mchanga ukishaonekana, nyumba kwa nyumba watu watapanga kolu: ngazi zilizotandikwa kitambaa cheupe sebuleni, zimejaa wanasesere kuanzia miungu hadi muuza duka, kwa siku zote tisa za sikukuu ya mungu wa kike. Na kwa kuwa kila mwaka kolu lazima ipate angalau kitu kimoja kipya, kila mwaka watu lazima waje Vilachery.

Mangayarkarasi, ambaye mtaa mzima humwita Mangai, ana umri wa miaka 57. Aliolewa hapa akiwa na miaka 18. Kwao walifinyanga mitungi ya maji tu, mitungi mikubwa ya kukumbatia kwa mikono miwili.

"Vidogo nilifundishwa na ukali wa mama mkwe," anasema. "Udongo kwake ulikuwa dhahabu. Hata ule ulionasa chini ya kucha alitaka niurudishe. Siku moja nikaukwangua nikaona, hiki kipande si kinatosha kikombe? Nikafinyanga kikombe. Akakitazama weee. Kesho yake akaniletea miwani yake."

Tangu hapo hajarudi kwenye mitungi. Anafinyanga vinu na michi yake, mawe ya kusagia, mbuzi za kukunia nazi, majani ya mgomba yaliyopakuliwa wali na mboga kumi na nne, na ukizihesabu mboga utazikuta zote. Seti ya vyombo kumi na viwili anaiuza rupia 150. Miezi mitatu ya kuelekea sikukuu hupata kama rupia elfu kumi na mbili kwa mwezi, mingine hushuka hadi elfu tatu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, lakini haba za Mangai hazijazi. Kazi yake ya mwaka mzima inaingia kwenye debe moja, na nafasi inabaki.

Vitu hivyo huchomwa ndani ya chungu chenye kifuniko, na chungu huingizwa tanuruni katikati ya miungu ya mumewe. Bila chungu vingepotelea kwenye majivu. Hata hivyo si moto unaompa taabu, ni kuku.

"Kuku wa jirani alimeza karamu nzima ya harusi," anasimulia. "Sahani kumi na nne, na vikombe vyake. Nilimfuata siku mbili na kijiti mkononi, nikichungulia kila anapochutama."

"Alipata sahani tisa," Pitchaimani anadakia. "Akaziosha, akaziuza!"

"Mwongo! Sikuziuza."

"Zimo kwenye kolu yetu. Ngazi ya tatu. Wageni wanazisifu."

Wateja wake wengi ni watu wazima, na Mangai anasema hata watoto hawampendezi kuwatazama kama watu wazima wanavyompendeza. Mwandishi wa makala haya alimshuhudia dereva wa lori, mtu wa masharubu na sauti ya kukaripia, akichuchumaa robo saa nzima mbele ya jiwe la kusagia lenye ukubwa wa punje ya njegere. Alilizungusha kwa ncha ya kidole. Lilipozunguka kweli, akacheka peke yake kama mtu anayetekenywa.

"Nyumbani kwake hana jiwe, ana mashine," Mangai alisema dereva alipokwisha kuondoka. "Lakini amemkumbuka mama yake. Jiwe kubwa angelipeleka wapi? Hili ataliweka mbele ya usukani, atakwenda nalo mpaka Delhi."

Lakini mteja wake mkubwa, na mkali kuliko wote, ni Vedavalli, mwalimu mstaafu wa hesabu mwenye umri wa miaka 74, anayeishi mjini Madurai ng'ambo ya mto Vaigai. Kila mwaka kwa miaka 41 amenunua kitu kimoja kidogo kutoka nyumba hii, miwili ya kwanza kwa mama mkwe na iliyobaki kwa Mangai. Kila kimoja aliagiza kwa sababu yake. Mwaka alioolewa aliagiza kikombe cha kahawa. Mwaka aliojifungua, susu ya mtoto. Mwaka waliponunua skuta, skuta.

Mwaka mumewe alipofariki hakupanga kolu, kama mila ya msiba inavyotaka, ila kitu cha mwaka huo alikichukua vile vile akakiweka kabatini. Mwaka uliofuata aliagiza kiti cha kujinyoosha cha marehemu, kile cha mbao na kitambaa cha mistari, kitupu. Kimekaa ngazi ya tano tangu siku hiyo, miaka tisa sasa, na Mwalimu hakuwahi kuruhusu kitu chochote kiwekwe juu yake.

Mwezi wa sita mwaka huu alikuja Vilachery na habari mpya. Magoti yamegoma. Nyumba inauzwa, naye anahamia Chennai kwa mwanawe. Mke wa mwanawe, Hemalatha, amempimia rafu moja sebuleni kwao: sentimita arobaini na mbili.

"Kolu yangu ina ngazi tisa na vitu mia moja na kumi na nane," alimwambia Mangai. "Ngazi tisa haziingii kwenye rafu. Ile ya mwaka jana ndiyo ya mwisho. Nitawagawia watu wanasesere, nitakaa Chennai nitazame televisheni."

Mangai anasema siku hiyo alishindwa hata kumpa mgeni maji.

"Nilimuuliza, Mwalimu, na kile kiti utampa nani? Hakunijibu. Mtu wa kunisahihisha kila neno, hakunijibu! Nikajikuta nimesema, basi nitakupunguzia yote. Nitakutengenezea kolu nzima iingie humu." Akamwonyesha mkebe wa biskuti uliokuwa umewekwa uzi na sindano.

Mwalimu aliutazama mkebe. "Ukiweza," alisema, "nitakwenda nayo. Usipoweza, yameisha."

Hivyo tangu mwezi wa sita Mangai anapunguza vitu vilivyokwisha kuwa vidogo. Kikombe kilichokuwa kama ncha ya kidole sasa ni kama punje ya haradali. Jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho, kwa hiyo hufumba hilo na kufanya kazi kwa la kulia. Mumewe, mwenye mzaha usiokwisha, ndiye aliyemchongea brashi ya nywele tatu za mkia wa kindi, na ndiye anayebana pumzi naye kila anapochora jicho la mwanasesere.

"Nikikohoa ananiua," anasema Pitchaimani.

Dosa ya asubuhi hii ni ya muuza chakula wa ngazi ya chini, na ni kitu cha mia moja na kumi na nane. Baada yake hakuna kingine.

Jumatano mchana waliupeleka mkebe mjini. Pitchaimani aliendesha pikipiki kwa mwendo wa harusi, Mangai akiwa amekaa upande nyuma, mkebe mapajani, umezungushiwa sari kama mtoto mwenye homa. Mwandishi alikuwa nyuma yao. Walipitwa na mikokoteni ya ng'ombe.

Nyumba ya Mwalimu Vedavalli ilikuwa imejaa maboksi. Treni ilikuwa kesho yake jioni. Alipokea mkebe, akaulaza ubavu mezani, akafungua kifuniko kama mtu anayefungua mlango wa watu.

Zilikuwamo ngazi tisa, na kitambaa cheupe chenye ukingo wa dhahabu. Juu kabisa kilikuwapo chungu cha rangi ya shaba chenye nazi na majani ya mwembe. Chini alikuwapo muuza duka mnene na mkewe, na magunia yao ya mchele na dengu, na mbele ya duka muuza dosa. Mwalimu alivaa miwani, juu ya miwani akashika kioo cha kukuzia, akaanza kuhesabu kwa sauti ya darasani.

Alipofika kwenye susu alicheka. Kwenye skuta alisema, "Hata taa imevunjika! Umekumbuka taa!" Kwenye kiti cha ngazi ya tano hakuhesabu kwa sauti. Aliruka, akaendelea na kinachofuata, machozi yakimtiririka bila yeye kuyajali.

"Mia moja na kumi na nane," alisema mwishoni. "Mangai, mwanangu. Mikono yako hiyo."

Akanyoosha kidole kumgusa bibi harusi aliyepakwa rangi ya mbao nyekundu, aliyesimama na mumewe ngazi ya kwanza. Alimgusa, kisha akamsukuma. Bibi harusi hakutikisika. Akamjaribu bwana harusi, akamjaribu muuza duka.

"Mangai. Umewabandika?"

"Ndiyo, Mwalimu. Treni inatikisa. Nimetia gundi ya mafundi viatu, hata ukiuangusha mkebe..."

"Na siku ya kumi nani atalala?"

Mangai alijishika kichwa kwa mikono miwili.

Maana kolu haifungwi hivi hivi. Jioni ya siku ya kumi mwenye nyumba humlaza mwanasesere mmoja, awe yeyote, na wengine wote huhesabiwa wamelala naye. Ndipo kesho yake hukusanywa na kuhifadhiwa hadi mwaka mwingine. Kolu isiyolazwa haijaisha, na isiyoisha haiwezi kuanza tena. Na katika mkebe wa Mangai, vitu vyote mia moja na kumi na nane vilikuwa vimesimama wima milele.

"Miaka thelathini na tisa unauza vitu vya kolu," Pitchaimani alisema taratibu, "umesahau kwamba wanalala?"

"Na wewe ulikuwa hapo! Gundi ameninunulia nani?"

"Mimi nilijua ni ya viatu."

Walijaribu sindano ya nywele, na mkono wa bibi harusi ukaanza kupata ufa. Wakaacha. Maji ya moto yangeondoa rangi kabla ya gundi. Kumtengeneza mwingine Vilachery nako hakukuwezekana, tanuru lilikuwa limekwisha kuzimwa na miungu imekwisha kuuzwa.

Mwalimu Vedavalli alirudisha kifuniko. Alikirudisha polepole, na hapo mwandishi aliona kwamba huyu mama alikuwa anafunga kitu zaidi ya mkebe.

"Si kitu," alisema. "Labda ndivyo inavyotakiwa. Kazi ni nzuri, nitaitazama hivi hivi kama picha."

"Mwalimu, usifunge," alisema Mangai.

Alikuwa amefungua pindo la sari yake. Ndani yake mlikuwa na tonge la udongo lililofungwa kwa kitambaa kibichi, kiasi cha kunde moja. Watu wa ufinyanzi hutembea na udongo kama wengine wanavyotembea na tambuu.

"Nina ombi," alisema. "Lakini utanikasirikia."

"Sema."

"Kile kiti. Kiko kitupu."

Pitchaimani aliangalia dirishani. Mwalimu alikaa juu ya boksi la vitabu, mikono magotini.

"Marehemu alikuwa hataki mtu akikalie," alisema. "Akienda kuoga ndipo nilikuwa nakikalia mimi. Nikisikia maji yamefungwa, naruka." Tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo. "Miaka thelathini na moja nimekikalia kwa kuiba."

"Basi sasa ukikalie kwa haki," alisema Mangai. "Na siku ya kumi, usingizi uupate humo humo. Kiti chenyewe si cha kujinyoosha?"

Mwalimu Vedavalli alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

Kilichofuata kilichukua saa nne. Mangai alikaa kwenye kizingiti palipo na mwanga, akafumba jicho la kushoto. Hemalatha alipigiwa simu huko Chennai, akasimamishwa kwenye skrini ameegemezwa kopo la kahawa, akawa anatoa maagizo.

"Mfanyie miwani! Bila miwani si yeye!"

"Miwani ya ukubwa gani, mwanangu? Ya chawa?"

"Na kidole kiwe kimenyooka, hivi, kama ananisahihisha!"

"Wewe subiri nifike huko," alisema Mwalimu. "Nitakusahihisha kwa kidole cha kweli."

Bibi wa udongo alikuwa na urefu wa punje ya mchele iliyovimba kidogo. Alikaushwa nyuma ya jokofu, penye joto. Tanuru halikuwapo, lakini Mangai alisema kitu kidogo kinatosheka na moto mdogo. Akaomba chetezo cha ubani, akakijaza makaa, akamlaza bibi katikati na kumfunika kwa kaa jingine. Pitchaimani, mchomaji wa miungu ya futi tatu, alipiga magoti sakafuni akapuliza kwa mrija wa soda, mashavu yakimvimba, kwa uangalifu ambao mwandishi hakuwahi kuuona kwake.

Bibi alipotoka makaani alikuwa mwekundu na mzima. Brashi ya nywele tatu ikamvika sari ya kijani, ikampa mvi na miwani. Mangai akamwinua kwa mwiba wa limau, akaingia naye mkebeni hadi ngazi ya tano, akamkalisha. Hakumtia gundi.

"Mia moja na kumi na tisa," alihesabu Mwalimu.

Alimlipa Mangai rupia elfu tisa walizokubaliana mwezi wa sita. Kwa yule bibi Mangai alikataa hata rupia moja, akasema udongo ulikuwa wa chini ya kucha.

Sikukuu ilipita Vilachery kama inavyopita kila mwaka, kwa nyimbo za jioni na dengu za nazi mpaka watu wakazichoka. Siku ya tisa, siku ya kuheshimu zana, waya wa mwavuli na mwiba wa limau vilipakwa msandali, vikapumzishwa. Siku ya kumi, siku ya kuanza upya kila kazi, Mangai alivichukua tena. Lakini mpaka magharibi alikuwa hajafinyanga chochote. Simu ilikuwa gotini.

Ililia jua likizama. Aliiweka kwa sauti kubwa ili mumewe asikie.

"Nimemlaza," ilisema sauti ya Mwalimu Vedavalli kutoka Chennai.

"Amelala vizuri?"

"Anakoroma. Majirani wa ghorofa nzima wamekuja kumwona. Hemalatha amewapanga foleni, mtu na kioo chake."

"Na wewe, Mwalimu? Magoti?"

"Achana na magoti, kuna oda. Kitu cha mwakani."

Mwezi wa sita mama huyu alikuwa amemwambia hakuna mwakani.

"Nataka kiti cha pili," sauti iliendelea. "Pembeni ya kile cha kwanza. Maana marehemu, namjua, ameshaanza kulalamika nimemkalia chake. Kitambaa kiwe na mistari. Na uje nacho mwenyewe, nimechoka kuzungumza na simu."

"Nitakuja, Mwalimu."

Mangai hajawahi kufika Chennai. Mpango wake, anasema, ni kutibiwa jicho baada ya mavuno ya mwezi wa kwanza, kisha kupanda treni mwakani na kiti ndani ya kiberiti, na safari hii hatapaka gundi mahali popote. Anayasema hayo huku tayari ameng'oa kipande cha udongo, anakisokota kati ya vidole viwili, anatafuta urefu wa mguu wa kiti.

"Cha mistari ya rangi gani?" anauliza Pitchaimani. "Umesahau kumuuliza."

"Sikusahau," anasema Mangai, akifumba jicho la kushoto. "Nitampigia kesho. Nataka anikaripie."